Ujuzi wa Thelathini na Mbili

Jumanne asubuhi, kabla hata hajavua koti la mvua, Merewalesi aliambiwa kwamba amemkalisha chifu chini ya nguruwe.

Aliyemwambia ni Bwana Dharmend, mwenye ofisi ya kutengeneza tovuti ya Vonu pale Walu Bay, jijini Suva, Fiji. Ni mtu mpole, lakini akikasirika huzipanga kalamu zake mezani kwa urefu, kuanzia ndefu hadi kipande cha penseli. Siku hiyo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Alimgeuzia skrini bila salamu. Ilikuwa tovuti ya Baraza la kijiji cha Nakorovatu, kazi ya Merewalesi mwenyewe, aliyoikabidhi wiki mbili nyuma kwa keki na picha za pamoja. Juu kabisa ya orodha kulikuwa na mikeka ya kina mama. Ikafuata timu ya raga, kisha ratiba ya boti, kisha tangazo kwamba nguruwe yeyote atakayeonekana akizurura shambani atachinjwa na mwenyewe asidai kitu. Chini ya nguruwe, mwisho wa wote, alikuwapo Ratu Luketi, chifu mkuu wa Nakorovatu, na nishani zake kifuani, akitabasamu kama mtu ambaye hajaambiwa.

Sasa alikuwa ameshaambiwa.

Merewalesi, ambaye watu wa nyumbani na ofisini humwita Wale, alijua papo hapo kilichotokea. Orodha ile ilikuwa inajipanga yenyewe. Ukurasa unaofunguliwa na watu wengi hupanda, usiofunguliwa hushuka. Watu wa Nakorovatu walioko Brisbane na Auckland walikuwa wanaifungua tovuti ya kwao kutwa mara tatu, lakini kumbe walichokuwa wanakitafuta ni mikeka. Chifu wanamjua. Sura yake haijabadilika tangu wahame.

Alimkumbusha bosi wake, kwa sauti ya chini, kwamba yeye aliipanga orodha kwa heshima zake: chifu, wasemaji wake, makuhani, mashujaa, wavuvi, na kadhalika hadi chini. Aliyetaka orodha ijipange yenyewe ni nani?

Bwana Dharmend akaisogeza penseli kidogo. "Mimi nilitaka uutumie ujuzi niliokulipia kozi. Namna ya kuutumia ni juu yako. Wewe ndiye mbunifu."

Barua ya Baraza ilikuwa fupi. Kampuni ifike Jumamosi kujieleza, la sivyo mkataba ufe. Bwana Dharmend naye akaongeza yake, akiitazama kalamu badala ya mtu: mkataba ukifa, hana namna ya kumlipa mbunifu aliyeuua.

*

Ukitaka kujua mtu anavyoweza kusoma asihitimu, mtazame Wale. Alianza kwa kuchagua rangi na maandishi, akadhani ndiyo kazi. Akaambiwa ajifunze kupiga picha, kwa sababu mpiga picha ni ghali. Akajifunza kuandika maneno matamu ya hoteli, kwa sababu mwandishi ni ghali zaidi. Ikaja lugha ya kompyuta. Alipoizoea, ikazeeka, ikaja bintiye. Yakaja malipo ya kadi, sheria za siri za wateja, namna ya kupendwa na mitambo ya kutafutia, kurasa zinazotosha kwenye simu, kurasa ambazo kipofu anaweza kusomewa, na ramani ya vidole, ile inayoonyesha kwa madoa mekundu wageni wanabonyeza wapi. Kila Januari ofisi ya Vonu ilitoa Fomu ya Ujuzi. Mwaka huu ilikuwa na visanduku thelathini na moja. Wale alikuwa ameweka alama katika vyote, cha mwisho kikiwa hicho hicho cha orodha inayojipanga. Mshahara wake ulikuwa na kisanduku kimoja, na hicho hakikuwa kimeguswa kwa miaka minne.

Na nyumba nzima kule Nasinu ilisimama juu ya mshahara huo. Maciu, mumewe, alikuwa kuli wa bandarini hadi goti lilipokataa, sasa anafuga kuku sita na maoni mengi. Kulikuwa na mabinti wawili wa shule, na wifi yake Asinate na watoto watatu, waliokuja kwa wikendi moja mwaka juzi. Juu ya wote alikuwa mama mkwe, Bubu Torika, yaani Bibi Torika kwa lugha yao, ambaye hajawahi kugusa kompyuta lakini humwuliza Wale kila jioni kama leo "wamemaliza kuivumbua".

Jioni ile habari ilifika mezani kabla ya muhogo. Asinate alikuwa keshaisikia sokoni. Alisimulia kwamba huko wanasema mwanamke mmoja wa Nasinu amemfungia chifu bandani na nguruwe, na kwamba kuna picha.

"Picha ipo kweli," akasema Maciu. "Nimeiona. Nguruwe katoka vizuri."

Watoto wakacheka, wakanyamazishwa, wakacheka tena. Wale akasema hakuna cha kuchekesha, atairudisha orodha kesho, kazi ya dakika kumi, na Jumamosi atakwenda na kompyuta kuwaeleza kwamba ulikuwa mtambo, siyo mtu.

Bubu Torika akaweka chini kipande chake cha muhogo. Akamwuliza mke wa mwanawe, polepole, kama unavyomwuliza mtoto aliyerudi bila kiatu kimoja, kama kweli anakusudia kuingia nyumba ya Ratu Luketi mikono mitupu na kumweleza habari za mtambo.

"Sasa niingie na nini, Bubu?"

"Mwanangu, umesoma vitu thelathini na moja. Hata kimoja hakikukwambia?"

Yule mama akainuka, akaingia chumbani, akakaa huko hadi mchuzi ukapoa. Aliporudi alikuwa amekibeba kitu katika kitambaa cha mto. Maciu alipokiona aliacha kutafuna. Ni jino la nyangumi, lile ambalo kwao hutolewa kuombea posa au radhi, la manjano kama chai ya maziwa, na kamba yake ya kusuka. Bubu alipewa siku alipozikwa baba yake, na kila mtu katika nyumba ile alijua limewekewa nini: siku binti mkubwa wa Wale atakapoposwa, nyumba isiaibike. Jino likishatolewa halirudi.

Wale alikataa. Alisema kampuni ndiyo iliyokosa, kampuni itafute jino lake. Bubu akamwambia ampigie basi bosi wake, amwombe. Akapiga, hapo hapo, simu ikiwa wazi watu wote wasikie. Bwana Dharmend alizaliwa Suva, na kijiji anakijua kwa dirisha la gari, ila alisikiliza kwa adabu. Akasema wazo ni zuri sana. Kampuni iko tayari kurudisha gharama yake, alimradi Wale alete risiti.

Simu ikakatika.

"Risiti," akasema Bubu Torika. "Mwambie nyangumi alisahau kuiandika."

*

Jumamosi saa nne walikuwa Nakorovatu. Mjomba Sakaraia, kaka yake marehemu mama yake Wale, ndiye aliyekuja kuwa msemaji. Siku za kawaida anauza magimbi kwa mafungu sokoni na anagombana na kila mteja, lakini ukoo wao ni wa wasemaji, na akivaa sulu nyeusi, ile shuka ya kiunoni, na shati jeupe, sauti inatoka sehemu nyingine. Bwana Dharmend hakuweza kuja, alikuwa na mkutano wa mtandaoni. Alituma zawadi, sanduku la kofia zenye nembo ya Vonu. Mjomba alilifungua garini, akalitazama, akalifunga. Kijiji ambacho hata mgeni wa heshima huvua kofia mpakani, wao wapeleke sanduku zima! Akasema zibaki humo humo, na kioo kipandishwe.

Waliingia kwa mlango wa chini, ule wa watu wasio na cheo, wameinama. Ratu Luketi alikuwa upande wa juu wa nyumba, mzee mnene mwenye macho ya usingizi, hakuwatazama. Wale alikaa karibu na mlango, miguu ubavuni, kompyuta yake ndani ya mkoba, akiona haya kwamba ameileta. Mjomba akapiga magoti mbele, jino mikononi, akaanza.

Alisema vizuri. Hakutaja mtambo hata mara moja. Alisema binti yao amelewa maarifa ya wageni akasahau njia ya mlangoni. Alisema aliyepandishwa bila idhini ya Ratu amepandishwa bure, na kwamba jua likifunikwa na wingu halijashuka. Alisema wamekuja kulifukia kosa lao ardhini. Wale aliposikia "amelewa maarifa" alitaka kuinua kichwa aseme kwamba maarifa yale alilazimishwa kuyanywa, tena kwa kukatwa nusu ya ada. Akakiacha kichwa kilipokuwa.

Mjomba alipomaliza, hakuna aliyelipokea jino.

Lilibaki mikononi mwake. Msemaji wa Ratu, mtu mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, alikohoa, akauliza kama ni kweli kwamba watu wa ng'ambo walioifungua tovuti ile walikuwa elfu mbili na zaidi. Mjomba akageuza shingo. Wale akajibu kwa chini kwamba ni kweli.

"Na wangapi walimfungua Ratu?"

Hapo ndipo Wale alipoelewa kwamba kitabu cha kozi kilimwambia namba ni rafiki wa mbunifu, na kwamba mwandishi wa kitabu hakuwahi kukaa mlangoni pa nyumba ile. Namba aliijua. Walikuwa kumi na mmoja. Sita kati yao walikuwa yeye mwenyewe, akijaribu kama ukurasa unafunguka.

"Wanamjua Ratu," akasema. "Mtu hatafuti kitu alichonacho."

Kuku wakasikika nje. Halafu yule mzee mnene akatoa sauti kifuani, ama kikohozi ama kitu kingine, akanyoosha kidole kimoja. Msemaji wake akasogea, akalishika jino, akalibusu. Makofi yakapigwa, yale mazito ya viganja vilivyokunjwa. Kosa likafukiwa, kazi ya Wale ikapona, na jino la Bubu Torika likaingia kwenye mkoba wa ukili wa mtu mwingine.

Lakini kulikuwa na sharti. Ratu atakuwa juu, na atabaki juu hata dunia nzima isimfungue. Na wale waliomkalia kichwani, yaani mikeka, wataenda mwisho wa wote, chini ya nguruwe, wapajue panavyokuwa.

*

Kava, ile mizizi ya kunywa ambayo kila mgeni humletea mwenyeji wake, ilipoanza kuzunguka kwa wanaume, Wale alitoroka akaenda jikoni. Huko kulikuwa kumejaa. Wanawake kama kumi na tano wanamenya magimbi na kukamua tui, kila mmoja anasema, hakuna anayesikiliza. Mkubwa wao alikuwa Kelera, mwenye mabega ya mchezaji na vidole vilivyochanwa na ukili wa mkadi. Alimwuliza Wale kwao wapi. Wale alipotaja kisiwa cha baba yake, jiko zima likalipuka, kwa sababu watu wa kisiwa hicho na watu wa Nakorovatu ni watani tangu enzi za miungu yao, na mtani hana kinga.

"Ndiyo maana," akasema Kelera. "Nikajiuliza, ni nani mwenye akili ya kumweka chifu zizini? Kumbe ni hawa wanaokula magimbi mabichi."

Wale akamjibu kwamba kwao magimbi huliwa mabichi kwa sababu watu wa Nakorovatu waliiba kuni. Wakacheka hadi mmoja akamwaga tui. Ilikuwa mara ya kwanza Wale kucheka tangu Jumanne. Kisha Kelera akafuta mikono, akamvuta hadi nyuma ya jiko ambako mikeka ilikuwa imeanikwa, na utani ukaisha.

Alimwambia kwamba katika wiki zile mbili wameuza mikeka arobaini na mmoja. Miaka miwili nyuma yake waliuza tisa. Watu wanaagiza kwa harusi na misiba ya ng'ambo, hawaulizi bei. Hata mjane maskini kuliko wote kijijini amelipa ada ya watoto kabla ya muhula, kitu ambacho mwalimu mkuu alikitilia shaka akaita polisi. Na sasa?

"Umesikia lililosemwa ndani," akasema Wale.

"Nimesikia. Nauliza nani atatutafuta chini ya nguruwe."

"Ningekuwa na uwezo..."

"Mtani, bosi wako alituandikia barua kwamba anatuletea mtu mwenye ujuzi thelathini na moja. Tukasomewa kanisani. Hebu tafuta mmoja unaofanya kazi."

Wale akapiga hesabu. Akimgusa Ratu, kazi imekwenda, na jino limepotea bure. Akiwagusa hawa, anakula chakula chao mchana huu na kuwanyang'anya kesho. Alisimama akiitazama mikeka. Ilikuwa mizuri kupita picha zake, na pindo zake za nyuzi za rangi, nyekundu na kijani na zambarau, ungedhani kasuku wamelala ukingoni.

Akauliza mkubwa kuliko yote ni upi. Akauliza tena kama Ratu amekwisha kukalia mkeka mpya mwaka huu.

*

Picha ilipigwa alasiri ile ile. Wale alimweleza msemaji mwenye miwani ya uzi kwamba Ratu hawezi kuwa juu kwa picha ya zamani ya kusimama, kama afisa wa posta. Inafaa akae, kama anavyokaa nyumbani kwake, na watu wamwone wakiwa chini. Hoja hiyo ilipita bila kupingwa. Mzee akakaa katikati ya mkeka wa Kelera, pindo zimemzunguka pande nne, akatoa uso ambao hata Mjomba Sakaraia aliuinamia kwa mazoea.

Jumatatu tovuti ikafunguliwa upya. Ratu Luketi alikuwa juu, amejaza skrini nzima, huwezi kuona kitu kingine kabla yake. Orodha haikujipanga tena, ilipangwa. Mikeka ilikuwa mwisho, chini ya nguruwe, kama ilivyoamriwa. Ila ule aliokalia chifu ulikuwa na siri moja ya kawaida kabisa, ya ujuzi wa kwanza kabisa ambao Wale alifundishwa, kabla ya mwingine wote thelathini: ukiubonyeza, unakufungulia duka.

Wiki mbili baadaye simu ililia ofisini. Msemaji alisema Ratu mwenyewe anataka kuongea. Wale akasimama, akaketi, akaona kuketi si adabu, akasimama tena.

Mzee alikuwa amepokea taarifa ya mwezi, ile ya ramani ya vidole, ambayo mkataba unataka ipelekwe kila mara. Alisema amefurahi. Watu elfu tatu na mia nne wamemfungua. Anataka tu aelezwe jambo moja. Anaona madoa mekundu hayako usoni pake. Hayako hata kwenye nishani. Yote yako chini, mbele ya magoti. Kwa nini watu wanambonyeza pale?

Wale alikitazama kipande cha penseli mezani kwa Bwana Dharmend.

"Wanainama, Ratu," akasema.

Ikaja ile sauti ya kifuani, ama kikohozi ama kitu kingine. "Mwambie Kelera," akasema mzee, "huu mkeka unauma matako. Auze hiyo mingine, huu wangu ausuke upya." Akakata simu.

*

Bwana Dharmend hakujua habari za mkeka wala za matako. Alichojua ni kwamba mkataba umeongezwa miaka mitatu na mabaraza mengine mawili yamepiga simu. Alimwita Wale, akampongeza, akampa kofia moja kutoka kwenye lile sanduku lililorudi. Gharama ya jino bado inasubiri risiti, akamwambia, mhasibu ni mtu mgumu. Halafu akafungua droo, akatoa Fomu mpya ya Ujuzi. Ilikuwa na visanduku thelathini na mbili.

Tukio hili limetufundisha, alieleza, huku akizipanga kalamu kwa furaha safari hii, kwamba mbunifu wa kisasa ni lazima ajue mila za jamii anayoihudumia. Kwa hiyo wabunifu wote watahudhuria kozi ya siku mbili: namna ya kuwaheshimu machifu wa visiwa na kuomba radhi kwa taratibu za jadi. Kila mtu atachangia nusu ya ada, mwisho watapata cheti. Mwalimu ni mtaalamu mkubwa. Anatoka Sydney.

Wale aliisoma fomu juu hadi chini. Alifikiria kitambaa cha mto kilichorudi kitupu, ambacho Bubu Torika alikifua, akakianika na kukirudisha kitandani. Alifikiria ada. Kisha akachukua kile kipande cha penseli, akaweka alama katika kisanduku cha thelathini na mbili, maana kazi ni kazi.

"Huyo mwalimu," akauliza, "akishuka uwanja wa ndege, atakuja kwetu na kava kilo ngapi?"

Bwana Dharmend aligeuza fomu nyuma, akatafuta kama imeandikwa.